Barafu ya Alaska kwa Fedha ya Kiasi

Mwezi huu naomba tuiweke kando kidogo habari ya chanjo na lishe ya watoto. Msomaji wetu mmoja, mama wa watoto wanne anayeishi karibu na Seattle huko Marekani, ameandika kuuliza jambo ambalo sikutegemea kuulizwa. Yeye na mumewe wanatimiza miaka 20 ya ndoa. Kwa miaka miwili amecheza upatu na wenzake na kuweka kando dola 3,000, na anatamani wapande meli kwenda kuiona mito ya barafu ya Alaska. Bwana anasema hiyo ni anasa ya matajiri, na kwamba wataishia kulipa madeni mwaka mzima. Mama anauliza, je, fedha hiyo inatosha? Na je, wanaweza kumchukua mama mkwe, mwenye miaka 70 na shinikizo la damu?

Kwa wawili inatosha, dada yangu. Lakini inatosha kwa mtu anayejua analipia nini, na hapo ndipo wengi wanapopotea.

Meli hizi kubwa zimejaa vitu vya kukutoa fedha mfukoni: maduka, vinywaji, michezo ya kamari, picha za kupigwa na mpiga picha wa meli. Wewe huendi kwa ajili ya hayo. Unaendea siku moja katika zile saba, siku ambayo meli inasimama mbele ya ukuta wa barafu. Kwa hiyo chagua kwanza barafu, kisha ndiyo uchague meli. Wengi hufanya kinyume. Hununua tangazo lenye bei ya chini kabisa, halafu wakifika ndipo wanapoambiwa kwamba meli yao itapita mbali.

Kwa wasiopata kuuona, mto wa barafu ni theluji iliyoanguka mwaka baada ya mwaka bila kuyeyuka yote, ikashindiliwa na uzito wake hadi kuwa barafu ngumu, nayo ikaanza kuteremka polepole kutoka mlimani. Sisi tunaijua ile ya Kilimanjaro, ambayo tangu mwaka 1912 imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Ya Alaska ni ya namna nyingine kwa sababu baadhi ya mito hiyo hufika hadi baharini. Mapande makubwa humeguka na kutumbukia majini kwa kishindo kama cha radi. Rangi yake ni ya buluu, maana barafu iliyoshindiliwa sana humeza mwanga mwekundu na kuacha wa buluu upite.

Mahali panapotajwa sana ni Glacier Bay. Mwaka 1794, wakati wa safari ya nahodha George Vancouver, ghuba hiyo yote ilikuwa karibu imejaa barafu. John Muir alipofika mwaka 1879 aliikuta imerudi nyuma zaidi ya kilomita 60, na leo meli inaingia ndani kiasi cha kilomita 100. Ni nchi ya asili ya Wahuna Tlingit, ambao barafu iliyokuwa ikisonga mbele iliwahamisha makwao zamani, kabla ya wageni kufika. Serikali huruhusu meli kubwa mbili tu kwa siku wakati wa kiangazi, na wahifadhi wa mbuga hupanda melini asubuhi na kueleza kila kitu kwa kipaza sauti. Maelezo hayo hayana malipo ya ziada. Ukuta wa barafu wa Margerie una upana wa kama kilomita moja na nusu, na juu ya maji unasimama kiasi cha mita 75. Meli hukaa mbele yake karibu saa nzima na kujigeuza taratibu ili walio kila upande waone.

Kwa kuwa nafasi ni chache, si kila kampuni inaingia humo. Princess, Holland America na Norwegian ndizo zenye nafasi nyingi, lakini hata kwao si kila safari. Soma ratiba yenyewe, siku kwa siku, uhakikishe jina la Glacier Bay limeandikwa. Pengine utakuta Hubbard, ambayo ni kubwa ajabu, urefu wake ukiwa kiasi cha kilomita 120. Hiyo nayo ni nzuri, ila mwanzoni mwa msimu vipande vinavyoelea huweza kuizuia meli isisogee karibu. Wengine huandikiwa Endicott Arm au Tracy Arm, mikono myembamba ya bahari kati ya milima. Huko Tracy Arm, Agosti 10, 2025, mlima uliporomoka karibu na barafu ya South Sawyer na kusukuma wimbi kubwa sana. Kwa bahati njema hakuna aliyepoteza maisha. Ratiba ikitaja Tracy Arm, muulize wakala maswali kabla ya kulipa.

Sasa miezi. Meli huenda hasa Mei hadi Septemba, na bei hupanda Juni, Julai na Agosti shule zinapofungwa. Mei na Septemba ni nafuu. Mei huwa na mvua kidogo kuliko Septemba, na milima bado ina theluji nyingi. Septemba hunyesha sana, lakini ina jambo moja zuri. Ndani ya Glacier Bay kuna mkono uitwao Johns Hopkins, ambao meli kubwa hukatazwa kuingia kuanzia Mei hadi mwisho wa Agosti, kwa sababu sili huzaa na kulea watoto wao juu ya vipande vya barafu. Septemba marufuku hiyo imekwisha, na baadhi ya manahodha huingia. Mimi ningechagua Mei, maana sipendi kulowa, lakini mama mwenye watoto wa shule huko Marekani huenda akaona Septemba ni rahisi zaidi kuliko wiki za mitihani.

Kuhusu chumba, chukua kile cha ndani kisicho na dirisha. Najua utasema, mtu anakwendaje kuangalia mandhari akiwa amefungiwa kama gunia stoo? Lakini chumbani unalala tu. Siku ya barafu kila mtu yuko juu sitahani, aliyelipa kidogo na aliyelipa maelfu, wote wakipigwa na upepo uleule. Tena kama muuguzi nina sababu nyingine. Meli huyumba kidogo zaidi katikati na chini, na huko ndiko viliko vyumba vingi vya bei nafuu. Meli zitokazo Seattle hupita upande wa bahari kuu, nje ya kisiwa cha Vancouver, na huko mawimbi yapo. Zitokazo mji wa Vancouver, Kanada, hupita ndani kati ya visiwa, maji yakiwa matulivu zaidi.

Hebu tuifungue ile bahasha ya dola 3,000. Bei hubadilika kila wiki, kwa hiyo haya ni makadirio yangu tu. Chumba cha ndani kwa siku saba, mwezi wa Mei, tuseme dola 700 kwa mtu, yaani 1,400 kwa wawili. Kodi na ada za bandari, ambazo tangazo huziandika kwa herufi ndogo, weka 275 kwa mtu, yaani 550. Bakshishi ya wahudumu hukatwa kila siku, kama dola 17 kwa mtu, na kwa wiki nzima wawili ni karibu 240. Bima 150. Jumla ni 2,340, na umebakiwa na 660. Angalia jinsi ile 1,400 ya tangazo ilivyokua kabla hujakanyaga meli! Hapo ndipo bwana wako anapokuwa na haki ya kuogopa, na ndiyo maana hesabu hii muifanye pamoja mezani, kalamu mkononi.

Chakula cha kawaida kimo ndani ya nauli. Soda, pombe na intaneti kwa kawaida havimo. Matembezi ya bandarini yanayouzwa na meli ndiyo humaliza fedha kwa haraka. Kwenda na helikopta kutua juu ya barafu, kwa mfano, hugharimu mamia ya dola kwa mtu mmoja. Achana nayo. Mjini Juneau kuna basi la kawaida la mji linalokufikisha umbali wa kama kilomita mbili na nusu kutoka kituo cha kutazamia barafu ya Mendenhall, na mnatembea kwa miguu. Ketchikan na Skagway ni miji midogo unayoizunguka bila kulipa mtu. Kama mnataka kitu kimoja cha kulipia, chagueni mashua ya kwenda kuona nyangumi, na mweke fedha hiyo tangu mwanzo.

Koti usinunue jipya. Maduka ya nguo zilizotumika ya Seattle yamejaa makoti ya mvua na sweta za sufu. Vaa nguo nyepesi moja juu ya nyingine, kwa kuwa upepo utokao kwenye barafu ni mkali hata Julai. Soksi nzito, glavu, kofia ya kufunika masikio. Kitenge kizito cha kujitanda kitakufaa kuliko unavyodhani. Darubini azima.

Jambo jingine la fedha: safari hulipiwa arabuni kwanza, na salio hudaiwa miezi miwili mitatu kabla ya kuondoka. Katikati hapo endelea kuangalia bei. Ikishuka kabla hujamaliza kulipa, mpigie wakala simu uombe upewe hiyo ya chini. Mara nyingi hukubali, lakini hawatakupigia wao.

Wasomaji walioko Anchorage, na najua wapo ndugu zetu wa Kongo huko, hawana haja ya wiki nzima. Mji wa Whittier uko kama kilomita 100 tu, njia yake ikipita ndani ya mlima katika handaki la kilomita 4 ambalo magari na treni hupokezana. Hapo kuna mashua za siku moja zinazopita mbele ya barafu nyingi, nauli ikiwa karibu dola 200 kwa mtu mzima. Kwa familia ya hapo hiyo ni nafuu sana. Kwa mama wa Seattle siyo, maana tiketi za ndege za watu sita zingemeza upatu wote.

Upande wa afya, sitasema mengi. Vidonge vya kuzuia kichefuchefu kama meklizini humezwa kabla ya kuanza kutapika, na husinzisha. Mwenye ugonjwa wa presha ya macho au mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba amwone daktari kwanza. Tangawizi nayo husaidia wengine. Kwenye meli magonjwa ya kuhara na kutapika huenea upesi, na ile dawa ya kupaka mikononi haitoshi. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kila mlo. Kama una mimba, ujue makampuni mengi hukataa mama atakayefikisha wiki 24 kabla safari haijaisha, na mtoto wa chini ya miezi sita hapandishwi. Zahanati ya meli hutoza fedha nyingi, na bima nyingi za Marekani hazilipi huko. Ndiyo maana ile 150 ya bima usiiguse, na hakikisha inalipia kusafirishwa kwa ndege ukizidiwa.

Mama mkwe, basi. Shinikizo la damu lililotulizwa kwa dawa halimzuii mtu kusafiri, mradi achukue dawa za siku kadhaa za ziada ndani ya mkoba wa mkononi, asiache kidonge cha kukojoza ati kwa kuogopa kusumbuka, na ajihadhari na chumvi ya vyakula vya melini. Kinachozuia ni hesabu. Nauli ya mtu wa tatu chumbani ni ndogo, lakini kodi na bakshishi ni zilezile. Ukijumlisha utafika kama 800, nanyi mna 660. Tena mtakuwa watu wazima watatu katika chumba kisicho na dirisha, mkiadhimisha miaka 20 ya ndoa! Mama abaki na wajukuu. Mkirudi, mpelekeni yeye na watoto Mount Rainier kwa gari. Ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi kutoka Seattle, na pale Paradise, kukiwa hakuna ukungu, barafu inaonekana mlimani bila mzee kupanda hata ngazi moja.

La mwisho ni makaratasi, nalo limewarudisha watu bandarini na masanduku yao. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 huzilazimisha meli zenye bendera ya nchi nyingine kutia nanga nje ya Marekani katika safari kama hii. Kwa hiyo zitokazo Seattle husimama Victoria, Kanada, hata kama ni jioni moja tu. Mwenye kadi ya ukaazi wa Marekani, ile tuiitayo grini kadi, hahitaji viza ya Kanada, ila lazima abebe kadi hiyo pamoja na pasipoti hai ya nchi yake. Anayesafiria hati ya mkimbizi bila kadi hiyo anahitaji viza, hata asiposhuka melini. Na anayetaka kutoka nyumbani Afrika Mashariki ajue kwamba masharti ya kuingia Marekani yamekazwa kwa baadhi ya nchi zetu. Aulize ubalozini kabla ya kutoa arabuni. Dada yangu, toa pasipoti zenu kabatini usiku huuhuu uangalie tarehe.