Santuri za marehemu zisiuzwe kwa sanduku

Mzee anapofariki, warithi hugawana shamba, ng'ombe na nyumba. Sanduku la santuri lililobaki uvunguni halina mgombezi. Anaitwa dalali, bei inapigwa kwa sanduku zima, na mchana huo huo mzigo umeondoka. Ni lumbesa ile ile ya viazi, ila hapa muuzaji hajui hata kilichomo ndani ya gunia lake.

Dalali anajua. Santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilizochapwa Nairobi miaka ya 1970 na 1980, zikiwamo za bendi za Tanzania, zina wanunuzi Ulaya na Marekani. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya London ilitoa mkusanyo uitwao Kenya Special, uliotokana na nyimbo za santuri za aina hiyo.

Wengi hudhani bei hupandishwa na umaarufu wa wimbo. Sivyo. Wakusanyaji wa muziki wa panki (waliokuwa vijana enzi hizo watalikumbuka jina hilo kwa kinyozi) wanatoa mfano mzuri. Machi 1977 kampuni ya A&M ya Uingereza ilisaini mkataba na kundi la Sex Pistols, ikauvunja baada ya siku chache tu, na karibu santuri zote za wimbo wa God Save the Queen ilizokwisha kuchapa zikaharibiwa. Mwezi Mei mwaka huo huo kampuni ya Virgin ikautoa wimbo ule ule, ukauzwa kwa wingi mno. Leo santuri ya Virgin ni ya bei ya kawaida. Ile ya A&M huuzwa kwa maelfu ya pauni. Wimbo ni mmoja, lebo ndiyo tofauti. Kadhalika santuri ya kwanza ya Nirvana, Love Buzz, ilitolewa na Sub Pop ya Seattle mwaka 1988 kwa nakala 1,000 zilizoandikwa namba kwa mkono. Uchache huo ndio unaolipiwa, na ndio uliowavutia wachapaji wa nakala bandia.

Kwa hiyo wimbo uliovuma kila baa Dar es Salaam na Mombasa huenda ukawa hauna bei, kwa kuwa ulichapwa kwa wingi, na bendi ya mji mdogo iliyosahauliwa ikawa ndiyo inayotafutwa. Bila kusoma lebo, na namba iliyochongwa kwenye plastiki kando ya lebo, hakuna anayeweza kujua. Mtandao wa Discogs huonyesha bei ambazo santuri ziliuzwa huko nyuma, na kijana yeyote mwenye simu anaweza kumtafutia mjomba wake.

Baada ya hapo ni gredi. Mkulima wa kahawa hahitaji kufundishwa kwamba AA haichanganywi na mabuni. Santuri isiyo na mikwaruzo, yenye jalada lake, inaweza kuuzwa mara kadhaa ya bei ya ile iliyochezewa kwenye harusi miaka kumi. Zipangwe kwa kusimama kama vitabu, mbali na joto la bati, maana santuri iliyopinda haina mnunuzi. Zifutwe kwa kitambaa laini na maji kidogo bila kulowesha lebo. Mafuta ya taa yasiguse kabisa.

Hata hivyo, kijana asikope fedha za mbolea ili kwenda kununua santuri vijijini. Nyingi zimechakaa na hazirudishi hata nauli. Faida iko kwa yule ambaye tayari anazo ndani.

Liko pia jambo ambalo madalali hawalisemi: kuuza santuri si kuuza wimbo. Mwenye sanduku hana ruhusa ya kumwachia mgeni anakili nyimbo na kuzitoa upya, hata akipewa fedha nzuri. Haki hiyo ni ya mtunzi, mwanamuziki, kampuni iliyorekodi au warithi wao, kutegemea mikataba yao, na wengine bado wako hai wakilima kama wasomaji wa kurasa hizi. Anayetaka kuzitoa nyimbo hizo aelekezwe kwao, na pa kuanzia kuuliza ni COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya.