Pesa iliyorudishwa kwa kosa ina mwenyewe

Kila mwenye akaunti ya pesa kwenye simu anaijua habari hii. Kama haijampata yeye, imempata jirani au ndugu yake. Ujumbe unaingia, salio linapanda, na hukuwa unangojea kitu.

Tuchukue mfano. Umelipa tiketi ya boti kutoka Goma kwenda Bukavu. Safari inafutwa. Wakala anakurudishia dola 20 zako, na hiyo ni haki yako kabisa. Jioni mwenzake wa zamu ya pili, ambaye hakuona kwamba kazi hiyo imekwisha kufanyika, anakurudishia dola 20 nyingine. Sasa una 40. Hukuiba, hukudanganya, hukuomba. Utafanya nini?

Ukiuliza swali hili sokoni, wengi watakujibu bila kufikiri sana: nitanyamaza. Kuna atakayecheka na kusema Mungu ameikumbuka nyumba yake. Kuna atakayesema kosa si lake, aliyekosea ajitetee. Mimi nasema zile dola 20 za pili hazikuwa zako hata kwa dakika moja. Na kunyamaza baada ya kujua ni wizi, ijapokuwa mkono wako haukuingia katika mfuko wa mtu.

Kwanza tuangalie ni nani anayelipa kosa hilo. Wengi wetu tunadhani ni kampuni kubwa yenye majengo marefu Kinshasa, ambayo haitasikia hata maumivu. Mara nyingi si hivyo. Wakala wa kabini, kijana yule anayekaa chini ya mwavuli Birere au karibu na soko la Kadutu, anafanya kazi kwa mtaji mdogo. Sehemu ya mtaji iko ndani ya simu, sehemu nyingine ni noti alizo nazo mfukoni. Faida yake ni komisio ndogo kwa kila mteja. Akipoteza dola 20 kwa kosa moja, itambidi ahudumie watu wengi sana kabla ya kuzipata tena. Na mtaji wenyewe huenda si wake: ameukopa katika kikundi cha AVEC, au ni wa patroni ambaye jioni atahesabu na kukata pengo kwenye mshahara. Ni vivyo hivyo kwa msichana wa ofisi ya boti, kwa karani wa shule aliyerudisha minervali mara mbili, kwa mama wa duka aliyekurudishia chenji ya noti ya 20 wakati wewe ulitoa noti ya 10. Kosa ni dogo kwenye daftari, lakini nyumbani kwa mtu huyo linaweza kuwa chakula cha juma zima.

Ndiyo maana neno «pesa ya bure» ni la uongo. Pesa haianguki kutoka juu. Ikiongezeka kwako bila sababu, imepungua kwa mtu fulani, na mtu huyo usiku huu anahesabu na kuhesabu tena bila kuelewa imekwenda wapi.

Sasa tuzisikilize sababu ambazo watu hutoa, kwa maana si zote za kudharauliwa.

Ya kwanza ni ya dini: «Ni baraka.» Mtu anayesema hivyo afungue Biblia yake, kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22. Huko kuna sheria juu ya ng'ombe au kondoo wa mwenzako aliyepotea. Ukimwona, hukubaliwi kugeuza uso kana kwamba hukuona. Umrudishe. Na kama mwenyewe anakaa mbali au humjui, umtunze nyumbani kwako mpaka atakapokuja kumtafuta. Waislamu nao wanafundishwa kwamba amana hurudishwa kwa mwenyewe. Sijui dini yoyote kati ya zile zinazojaza makanisa na misikiti yetu inayofundisha kwamba ng'ombe wa jirani akiingia zizini mwako usiku, basi Mungu amekujibu maombi. Dola 20 zilizopotea njia ni ng'ombe huyo.

Ya pili ni ya siasa, na ndiyo inayosikika zaidi kwetu: «Wakubwa wanakula mamilioni na hakuna anayewauliza, mimi nitaulizwa kwa dola 20?» Uchungu huo ni wa kweli. Inchi yetu imeona kesi nyingi za pesa za serikali zilizopotea, na raia amechoka. Lakini tuangalie neno hilo linatupeleka wapi. Mheshimiwa anayekula pesa ya barabara naye anasema: pesa hii ilipita mikononi mwangu, hakuna mwenyewe ninayemwona, na kama sikula mimi atakula mwingine. Ni maneno yale yale. Anachotuzidi ni ukubwa wa kijiko tu. Tukikubali kwamba pesa isiyolindwa ni ya yule aliyeikuta, tumekwisha kumpa msamaha.

Hapa ndipo huingia ile «Article 15» yetu, ambayo haimo katika Katiba yoyote inayotumika leo lakini kila Mkongomani anaijua kwa moyo: jitafutie mwenyewe. Kujitafutia kulitulea. Mama anayeamka saa kumi za usiku kwenda kupokea samaki Kituku anajitafutia. Mwalimu anayefundisha asubuhi na kuendesha moto mchana anajitafutia. Hao wanatoa jasho na wanampa mtu kitu. Anayekaa kimya juu ya pesa ya mwingine hakutafuta kitu. Tusichafue jina la kujitafutia kwa kuliweka juu ya jambo lisilofanana nalo.

Ya tatu ni nzito zaidi: «Kampuni hizo hizo zinatuibia. Uniti zinaisha bila kupiga simu, mega zinayeyuka, na tukilalamika hakuna anayesikia. Kwa hiyo nimejilipa.» Hata mahakama kubwa za Marekani zimewahi kusumbuka na hoja inayokaribia hiyo. Mwezi wa Agosti 2020, benki ya Citibank ilitaka kulipa riba ya dola karibu milioni 8 kwa wale walioikopesha kampuni ya vipodozi ya Revlon. Kwa kosa la wafanyakazi na mashine, ikatuma karibu dola milioni 900. Baadhi ya waliopokea walirudisha, wengine wakakataa kurudisha karibu milioni 500, wakisema: hata hivyo Revlon inadaiwa nasi pesa hizi. Februari 2021 jaji wa New York aliwapa haki. Lakini Septemba 2022 mahakama ya rufaa iligeuza uamuzi huo, moja ya sababu ikiwa kwamba siku ile muda wa kulipwa deni lao ulikuwa bado kufika.

Tuone basi: watu hao walikuwa na mikataba iliyoandikwa, walikuwa wanadai kweli, na bado hawakukubaliwa kujilipa kwa kosa la mwingine. Sisi ambao dai letu ni hasira tu, bila karatasi wala hesabu, tutasema nini? Kama kampuni imekula uniti zako, idai mchana, kwa sauti, pamoja na wengine, mbele ya ofisi yake na mbele ya mamlaka inayosimamia simu. Ukijilipa gizani, huenda unayemkata si kampuni. Ni yule kijana wa mwavuli.

Ya nne ni ya maskini, nayo inataka kusikilizwa kwa heshima: «Nilikuta pesa, nilikuwa na njaa, nimekwisha kuitumia.» Hapa lazima tutofautishe. Mtu aliyengojea pesa kutoka kwa mtoto wake Lubumbashi, akaona salio limepanda, akanunua unga na dawa bila kujua kwamba sehemu ya pesa ilikuwa ya kosa, huyo si mwizi. Ana deni, basi. Na dawa ya deni ni kulipa, hata kidogo kidogo. Mwenye pesa naye awe na utu, akubali kulipwa kwa awamu. Mwizi ni yule aliyejua. Ni yule aliyesoma ujumbe, akaelewa, akakimbia kutoa pesa kabla ya kuitwa, kisha akazima simu. Kati ya hao wawili tofauti si umaskini. Tofauti ni kile walichokijua walipoweka mkono.

Sheria yetu nayo haikunyamaza. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba na madeni, ambayo bado ni msingi wa sheria ya kiraia hapa Kongo, inamlazimisha aliyepokea kitu asichostahili kukirudisha, awe alijua au hakujua. Na Kitabu cha sheria ya makosa ya jinai cha mwaka 1940 kinamwadhibu mtu ambaye kitu cha mwingine kimemfikia kwa bahati naye akakificha kwa hila. Wengi wanafikiri kwamba kwa kuwa hawakuvunja mlango wa mtu, hawana kesi. Wanajidanganya.

Waethiopia walijifunza hilo kwa aibu. Machi 2024, mashine za Commercial Bank of Ethiopia zilipata hitilafu kwa saa kadhaa, na wateja wakaweza kutoa pesa zaidi ya walizokuwa nazo. Habari ikaenea katika vyuo vikuu, wanafunzi wakapanga mistari usiku mbele ya mashine. Benki iliahidi kutowashitaki wanaorudisha kwa hiari. Kwa wale waliokataa, ilitangaza majina na picha zao hadharani. Fikiria kijana wa miaka 20 ambaye jina lake linasomwa na mji mzima kwa ajili ya usiku mmoja. Sisemi aibu hiyo ni njia nzuri ya kufundisha watu. Nasema mashine inaandika kila kitu, na ukimya wa usiku una asubuhi yake.

Kwa sisi wa mashariki kuna sababu nyingine, na mimi naiona kubwa kuliko zote. Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu mwezi wa Februari, benki zilifunga milango. Mshahara, minervali, dawa za mgonjwa, msaada wa ndugu walio ng'ambo, vyote vikaingia katika simu. Noti zikawa adimu, na kutoa pesa kukawa kwa gharama. Katika hali hiyo, benki yetu ya kweli ni imani kati ya mtu na mtu: wakala anayekupa noti akiamini ujumbe wako, na wewe unayemtumia pesa mtu usiyemwona. Kila mtu anayekula pesa ya kosa anatoboa benki hiyo. Kesho wakala ataogopa, atataka kitambulisho, atangoje uthibitisho, ataongeza komisio ili ajikinge na hasara. Na tutakaolipa ni sisi sote, pamoja na yule aliyekula.

Lakini kurudisha nako kunataka akili, kwa sababu matapeli wanaijua dhamiri yetu na wanaitumia. Kuna ujumbe wa uongo unaosema «umepokea dola 50», kisha mtu anapiga simu akilia: «Mama, nimekosea, nirudishie tafadhali.» Mtu mwema anatuma, na ndiye anayeibiwa. Kwa hiyo usiamini ujumbe peke yake. Angalia salio lako mwenyewe kwa kupiga namba ya huduma. Kama kweli pesa imeingia, usiiguse, na usimrudishie mtu aliyekupigia kwa mkono wako mwenyewe. Piga simu kwa huduma ya wateja ya kampuni yako, au nenda ofisini kwao, waombe wairudishe kule ilikotoka. Hivyo hutarudisha mara mbili, na utabaki na ushahidi. Ikiwa ni duka, shule au ofisi ya boti, nenda mwenyewe na karatasi zako, mhesabu pamoja, na uombe sahihi. Na kama mwenyewe hajulikani, toa taarifa, kisha acha pesa ikae. Kutunza na kula ni mambo mawili.

Aliyekosea naye ana wajibu wake. Asome jina na tarakimu kabla ya kuingiza namba ya siri. Asimpigie simu aliyepokea kwa matusi na vitisho vya polisi kana kwamba amekamata jambazi. Na gharama za kurudisha ziwe juu yake, kwa maana si haki mtu apoteze pesa yake kwa sababu ya uaminifu wake. Kampuni za simu nazo zifanye kazi yake: ziweke njia rahisi ambayo aliyepokea kwa kosa anaweza kukataa pesa hiyo palepale, bila kupanga mstari siku nzima. Kampuni inayochelewesha kurudisha pesa ya mteja wake haiwezi kumhubiria mteja huyo uaminifu.

Hatuna uwezo wa kufungua benki, wala wa kuwarudishia raia yote yaliyoliwa na wakubwa. Zile dola 20, hata hivyo, ziko mikononi mwetu, na hakuna waziri wala mwanajeshi anayetuzuia kuzirudisha. Kesho asubuhi wakala wa boti atafungua daftari lake. Aikute pesa yake imekwisha kurudi, kabla hajaanza kupiga simu.