Kwa nini mende hufa akipiga miguu

"Mama, huyu mende anacheza?"

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Binti yangu wa miaka saba alikuwa amechuchumaa kwenye kona ya jiko. Usiku nilikuwa nimepulizia dawa, na mende mmoja alilala chali, miguu yote sita ikichapa hewa. Nikamwambia hachezi, anakufa. "Sasa mbona anapiga miguu hivyo?"

Jibu lake linatuhusu sana sisi wazazi, na nitaeleza kwa nini nikifika kwa jirani yangu.

Mishipa ya fahamu ya mende, ya mbu na ya mwanao inafanana kwa jambo moja. Kwenye kuta zake kuna milango midogo mno inayopitisha sodiamu, hiyohiyo iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Ujumbe ukifika, mlango unafunguka, sodiamu inaingia, umeme mdogo unasogea mbele, kisha mlango unajifunga. Yote hayo huchukua takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Dawa nyingi za kupulizia nyumbani, za kuchoma usiku na ile iliyomo kwenye chandarua hunasa kwenye mlango huo na kuuzuia usijifunge. Mshipa unabaki ukipiga kelele, kama kengele ya getini iliyobonyezwa ikagoma kurudi. Misuli inapokea amri juu ya amri. Ndiyo ile miguu. Sumu hii asili yake ni ua la pareto, lile jeupe linalolimwa Mbeya, Iringa na Njombe, na kule Kenya upande wa Nakuru. Wanakemia waliiga sumu ya ua wakatengeneza nyingine zinazostahimili jua. Tazama lebo ya kopo lako: jina la kiambato likiishia na herufi "thrin", ni ukoo huo.

Kama milango hiyo na sisi tunayo, mbona hatuanguki chali? Yetu ina umbo tofauti kidogo, kwa hiyo sumu haishiki vizuri. Damu yetu ni ya moto, na sumu hii hupungua nguvu kwenye joto. Halafu ini letu huivunjavunja haraka. Lakini mkulima anayepulizia bila glavu atakwambia uso na vidole humchoma na kufa ganzi: ni milango ya mishipa ya ngozi yake inayoguswa. Paka ndiye mwenye bahati mbaya, ini lake haliwezi kazi hiyo vizuri. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin inaweza kumuua.

Sasa jirani yangu. Kunguni walimshinda, akanunua kwa muuzaji wa kupita kimiminika cheupe kwenye chupa ya maji isiyo na lebo. Akapaka godoro, akalianika kidogo, jioni mtoto wake wa miaka mitatu akalilalia. Usiku mtoto akaanza kutokwa mate na jasho jingi, akatapika, akawa anapumua kwa shida. Hospitali waliuliza ni dawa gani. Nani angejua?

Dalili zile ni za sumu za shambani za ukoo mwingine. Hizo hazishughuliki na milango ya sodiamu. Zinazuia kimeng'enya kinachofuta ujumbe baada ya kuvuka kutoka mshipa mmoja kwenda mwingine, na kimeng'enya hicho tunacho sawasawa na mdudu. Ile nafuu yetu ya umbo la mlango haipo. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, lakini mimi nina hasira na chupa ile hadi leo.

Ikikutokea, mvue mtoto nguo, mwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni, usimtapishe, na ukimbie hospitali na chupa yenyewe mkononi. Maziwa ambayo bibi zetu walituaminisha hayaondoi sumu hii.

Kuna malalamiko mengine nayasikia kliniki: "Mbu wa siku hizi wanatua kwenye chandarua na hawafi." Ni kweli, na sababu iko kwenye mlango uleule. Mbu wengi wamezaliwa na mlango uliobadilika mahali pamoja tu, kiungo namba 1014 cha protini yake, na sumu haishiki tena. Mwaka 2000 watafiti walieleza badiliko la namna hiyo kwa mbu wa malaria wa Kenya. Mbu huyo huyo anaistahimili na DDT, kwa kuwa nayo hulenga mlango huo. Wengine wamejifunza kuivunja sumu mwilini, kama sisi.

Ndiyo maana vimetengenezwa vyandarua vyenye dawa ya pili inayokata uzalishaji wa nguvu ndani ya seli za mbu. Vilijaribiwa Misungwi, Mwanza, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha malaria kwa watoto ikipungua kwa asilimia 44 katika miaka miwili, ukilinganisha na vyandarua vya kawaida. Shirika la Afya Duniani liliviidhinisha mwaka 2023. Ukipewa kimoja, kitumie. Ukiwa na cha zamani, usikigeuze uzio wa kuku: kisipoua mbu, bado kinamzuia, mradi hakina matundu.

Cha binti yangu kilikuwa na tundu la ukubwa wa kidole karibu na miguuni. Tulilishona jioni ileile, yeye akinishikia tochi ya simu.