Nyaya zimefika Nyali, mchezo bado

Nimepotea kidogo, najua. Kazi za watu zilinibana, na mwenye mradi alikuwa akipiga simu asubuhi na jioni. Leo nimepata nafasi, na nina jambo ambalo limenikaa kooni tangu Jumamosi.

Siku hiyo binamu yangu wa Kisauni alinitembelea hapa Nyali. Yuko kidato cha nne, na kwa miezi kadhaa amekuwa akiweka akiba ili anunue PlayStation. Alipomaliza chai akaniuliza, "Kaka, ninunue sasa au ningojee? Nasikia siku hizi mtu hahitaji mashine, anacheza mawinguni tu."

Swali zuri. Nilimpa jibu la haraka haraka, na alipoondoka nikaona halikunitosha hata mimi mwenyewe. Basi haya ndiyo majibu yangu kamili.

Kwanza, kwa asiyefahamu. Mchezo wa kawaida wa video hukokotolewa na mashine iliyo sebuleni kwako. Ukicheza mawinguni, mashine hiyo iko mbali, kwenye jengo lililojaa seva. Wewe una skrini na padi tu. Ukibonyeza kitufe, amri inasafiri hadi kwenye seva, mchezo unapiga hatua moja, picha inabanwa kama video na kurudishwa kwako. Yote hayo hufanyika mara 60 kwa sekunde. Ni kama kutazama YouTube, ila hii ni YouTube inayokusikiliza.

Wazo hili si geni. Kampuni ya OnLive ilianza kuuza huduma hii Marekani mwaka 2010, ikafa 2015 na hataza zake zikanunuliwa na Sony. Kelele kubwa ilikuja Machi 2019, Google ilipotangaza Stadia. Nakumbuka jinsi tulivyochangamka. Google! Watu wenye seva duniani kote! Wao wakishindwa, nani ataweza?

Wakashindwa. Stadia ilifunguliwa tarehe 19 Novemba 2019 katika nchi 14, zote za Amerika ya Kaskazini na Ulaya. Februari 2021 Google ilifunga studio zake yenyewe za kutengeneza michezo. Septemba 2022 ikatangaza kwamba inafunga duka, na tarehe 18 Januari 2023 taa zikazimwa. Microsoft ilikuwa imeingia Septemba 2020 katika nchi 22, na hakuna hata moja ya Afrika. Amazon nayo ikaja na Luna, ikaanzia kwao Marekani.

Sasa tazama kinachonikera. Mimi nakaa Nyali. Waya wa LION2 kutoka upande wa Mayotte ulitua hapa hapa Nyali mwaka 2012. Kabla yake, TEAMS ulikuwa umefika Mombasa 2009 kutoka Fujairah, SEACOM ukafika mwaka huo huo, na EASSy ukaanza kazi 2010. PEACE ukafuata 2022. Intaneti ya Nairobi, ya Kampala na ya Kigali, sehemu kubwa yake hupita kwenye mchanga wetu. Ukitembea ufuoni jioni, huenda unakanyaga juu ya filamu za watu wa Kampala. Lakini ukifungua orodha ya nchi zinazohudumiwa, Kenya haimo.

Wengi husema sababu ni "intaneti yetu mbovu". Hapo ndipo sikubaliani nao. Waya ni barabara, na barabara tunayo. Kinachokosekana ni duka karibu na barabara hiyo.

Hebu tupige hesabu. Mwanga ndani ya faiba husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kutoka Mombasa hadi Marseille kwa njia ya Bahari ya Shamu na Suez ni kama kilomita 8,000. Kwenda na kurudi ni kilomita 16,000, yaani milisekunde 80, hata kama kila mtambo njiani ungekuwa mkamilifu. Hakuna mhandisi wa kuzipunguza hizo, ni sheria ya maumbile. Mchezo wa picha 60 kwa sekunde huonyesha picha mpya kila milisekunde 17. Kwa hiyo seva ikiwa Ulaya, unachokiona tayari kimechelewa picha karibu tano kabla hata hujaongeza muda wa kubana na kufungua video. Kwenye filamu hutajali. Kwenye mpira, kipa ameshadaka wakati wewe bado unapiga shuti.

Sikutaka kubaki na nadharia, basi Jumapili nikafanya jaribio. Nilikodi kwa saa mbili mashine yenye kadi ya michoro iliyoko Afrika Kusini. Kule nikaweka Sunshine na kwenye tarakilishi yangu nikaweka Moonlight. Zote mbili ni programu huria, yeyote aweza kujaribu. Muda wa kwenda na kurudi ulicheza kati ya milisekunde 60 na 90. Mchezo wa kutafakari, wa kupanga majeshi, ulikwenda vizuri kabisa. Mbio za magari zilivumilika. Mpira ulikuwa mateso.

Kisha nikampigia rafiki yangu wa Bamburi mwenye kompyuta nzuri ya michezo. Tunatumia kampuni moja ya intaneti. Akaweka Sunshine kwake, mimi nikacheza kutoka kwangu. Milisekunde 12! Nilicheza nusu saa nzima nikasahau kwamba mashine si yangu. Intaneti ni ile ile, nyumba ni ile ile, padi ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali pa seva peke yake.

Kwa hiyo tusidanganyane. Huduma hii inaweza kufanya kazi Mombasa leo, mradi seva ziwe Mombasa, au angalau Nairobi. Microsoft ilifungua vituo vya wingu lake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon 2020 na Google 2024. Mei 2024 Microsoft na G42 ya Imarati walitangaza mpango wa dola bilioni 1 kwa Kenya, pamoja na kituo cha data kule Olkaria kinachotumia umeme wa mvuke. Vizuri. Lakini seva za benki na za ofisi si seva za michezo. Hizi zinataka kadi za michoro, tena za bei ghali, na hakuna anayeziweka mahali ambapo hajaona wateja.

Hapa mtu ataniuliza, wateja wako wapi? Nani Kisauni atalipia mchezo wa mawinguni?

Nenda Kisauni, Mtopanga au Kongowea siku ya shule kufungwa. Utakuta kibanda cha mabati, runinga mbili au tatu, PlayStation zilizochoka na vijana wamejipanga kwenye benchi wakicheza mpira (sisi bado twauita FIFA, ingawa jina lilibadilika 2023). Hakuna anayemiliki mashine. Hakuna anayelipa kwa mwezi. Unalipa kwa mechi, kwa sarafu au kwa M-Pesa, ukifungwa unampisha mwenzio.

Waonaje? Biashara ya kukodisha mchezo bila mtu kumiliki mashine, ambayo Google ilisema ndiyo mustakabali, sisi tunayo miaka na miaka. Tofauti ni kwamba mwenye kibanda anamjua mteja wake. Anajua kijana ana shilingi 20 leo na kesho hana kitu. Google ilitaka dola 9.99 kila mwezi kwa huduma ya Stadia Pro, na michezo mingi bado uinunue kwa bei kamili. Microsoft nayo Oktoba 2025 ilipandisha bei ya kifurushi chake cha juu Marekani kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi. Hiyo inakaribia shilingi 3,900. Kwa kijana wa benchi ile, hiyo ni kodi ya chumba.

Halafu kuna gharama ambayo matangazo hayaitaji. Chukua kasi ya chini tu, megabiti 10 kwa sekunde, ambayo ndiyo Google iliyoipendekeza kwa kuanzia. Zidisha kwa sekunde 3,600, gawa kwa nane. Unapata gigabaiti 4.5 kwa saa moja. Ukicheza saa mbili kila siku, mwezi unaisha na gigabaiti 270. Mwenye faiba ya nyumbani hapa Nyali hatashtuka. Anayenunua bando la simu kule Kisauni, mchezo utamla kabla hajafika nusu ya kwanza.

Na nyaya zenyewe hukatika. Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika karibu na Afrika Kusini, na sote tuliona mtandao ulivyojikokota hapa Kenya na Tanzania. Miezi michache kabla, nyaya kadhaa zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu. Ukiwa na diski ndani ya mashine, siku kama hiyo unacheza tu. Ukiwa unategemea seva ya ng'ambo, padi yako ni pambo.

Jambo la mwisho ndilo zito zaidi kwangu. Stadia ilipofungwa, Google ilirudisha pesa za michezo na za vifaa vilivyonunuliwa kwenye duka lake. Nawapa heko kwa hilo. Lakini walirudisha kwa hiari yao, na kampuni nyingine inaweza kukataa. Wahenga walisema cha kuazima hakistiri maungo. Diski ya binamu yangu anaweza kumwazima rafiki, kuiuza, au kuibadilisha na nyingine. Mchezo wa mawinguni hauuziki, hauazimiki, na siku mwenyewe akifunga mlango unaondoka na ubingwa wako wote uliouhifadhi humo.

Je, napinga mchezo wa mawinguni? La hasha. Nautaka, na nautaka zaidi kwa ajili ya Kisauni kuliko Nyali. Mtoto wa Nyali atanunuliwa mashine akifaulu mtihani. Mtoto ambaye hatanunuliwa kamwe ndiye anayefaa kufaidika na mashine isiyohitaji kununuliwa. Inachekesha kwamba teknolojia iliyobuniwa kwa ajili ya asiye na mashine imeanza kwa kuwapelekea wenye mashine.

Kwa hiyo jitu lolote likija kwetu kesho, iwe Microsoft, Amazon au nani mwingine, nawaomba tusipige vigelegele kwanza. Tuwaulize maswali manne. Seva zenu ziko wapi? Naweza kulipa kwa saa, kwa M-Pesa? Mmekubaliana nini na kampuni za simu kuhusu bando? Na mkifunga, nilichonunua kitakuwa cha nani?

Na lipo swali la tano, letu sisi tunaoandika programu. Kwa nini tungoje? Jaribio langu na rafiki wa Bamburi halikuhitaji Google. Kompyuta tatu zenye kadi nzuri za michoro ndani ya mji, faiba, programu huria na malipo ya M-Pesa kwa kila mechi, na mwenye kibanda anaweza kuwa na runinga kumi bila PlayStation kumi. Najua si rahisi. Kuna leseni za michezo, maana wenye michezo hawakubali kila mtu aikodishe, na hilo peke yake linaweza kuua wazo. Kuna umeme. Kuna mtaji. Lakini kizuizi kigumu kuliko vyote, kile cha umbali, kwetu hakipo. Kati ya Bamburi na Nyali hakuna bahari.

Wengine wanasema mawingu yatawaua wenye vibanda. Huenda. Mimi naona wao ndio wanaofaa kuwa wateja wa kwanza, kwa sababu tayari wana benchi, runinga na wateja wanaowaamini. Atakayewaruka atajifunza yale yale Stadia iliyojifunza, na kwa bei ile ile.

Binamu yangu nilimpigia jana jioni. Nikamwambia, "Usingoje. Tafuta PS4 iliyotumika, yenye sehemu ya diski, na pesa itakayobaki mpe mamako akuwekee." Akacheka. "Na mawinguni je, kaka?"

Nikamwambia siku seva zikifika Mombasa nitamtumia ujumbe. Kama hazitafika, aje tuzijenge.