Tiketi Mbili, Roho Mkononi

Ndugu zangu, kila Septemba ikikaribia simu zinaanza: "Kaka, nimepata tiketi ya chee, nimeokoa pauni 150!" Ukimuuliza njia, unakuta ni safari mbili zimeungwa: Dar mpaka mji fulani kwa shirika moja, halafu kutoka hapo mpaka huku Uingereza kwa shirika jingine, kila moja imekatwa peke yake. Mimi nasema wazi, hiyo si tiketi rahisi. Ni kamari, na hela inayochezewa mara nyingi ni ya mzee aliyeuza ng'ombe.

Kubadilisha ndege hatukukwepi. Kutoka Nairobi unaweza kuja London moja kwa moja, lakini British Airways iliacha kuruka Dar mwaka 2013, na wengi wetu tunapitia Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul. Swali ni moja tu: ndege ya kwanza ikichelewa, nani anabeba mzigo?

Ukikata safari nzima kwa pamoja, ukikosa ndege ya pili kwa sababu ya kwanza ilichelewa, ni kazi yao kukutafutia nyingine. Mabegi nayo kwa kawaida yanaandikwa mpaka mwisho wa safari. Ukikata mbili tofauti, shirika la pili halina habari na wewe. Mlango ukifungwa umehesabiwa hukutokea, na nauli imekwenda. Begi linaishia njiani, na kulifuata lazima upite uhamiaji. Bila viza, utapitaje?

Septemba iliyopita kijana mmoja kutoka Mwanza yalimkuta hayo hayo. Ndege ya kwanza ilichelewa saa tatu. Alilala kwenye viti siku mbili, begi analiona kwenye karatasi tu, mpaka mjomba wake alipokopa nauli nyingine. Ile pauni 150 iliyookolewa ililipwa mara nne, na wiki ya usajili ikampita nusu.

Halafu kuna pasipoti. Msimwige rafiki njia bila kuangalia. Sheria ya viza ya Schengen ya 2009 ina orodha ya nchi 12 ambazo raia wake wanadaiwa viza hata kwa kukaa tu ndani ya uwanja wakisubiri ndege, labda wawe na vibali fulani. Kongo ya Kinshasa imo, Tanzania na Kenya hazimo. Kwa hiyo Mtanzania na Mkongomani wanaweza kununua tiketi ile ile ya kupitia Ulaya, mmoja akapanda, mwingine akarudishwa kaunta na mabegi yake.

Najua mtaniambia, "Wewe una posho ya utafiti, sisi tunaunga unga." Sawa. Basi chukueni ya kusubiri saa kumi na mbili, mradi safari nzima imekatwa pamoja. Kulala kwenye benchi hakujaua mtu. Sisi mainjinia tukipiga hesabu ya mashine hatuishii bei ya kununulia. Tunaweka na gharama ya siku itakapoharibika. Tiketi nayo ihesabiwe hivyo.

Tatizo letu kubwa, jamani, ni aibu. Mgeni anaogopa kuuliza asionekane mshamba, na sisi wenyeji tunasubiri tumcheke akishafika. Chama kina kamati ya pilau, kina kamati ya muziki. Kwa nini kisiwe na watu wawili wa kukagua njia ya mgeni kabla hajalipa? Kazi yenyewe ni dakika kumi: tiketi ni moja au mbili, begi linaishia wapi, pasipoti yake inadaiwa viza wapi, na muda wa kubadilisha ndege unatosha ama ni wa mbio.

Mimi najitolea kuwa wa kwanza. Namtafuta wa pili, na tuanze na wanaokuja Januari.