Ukinunua GPS ya mkononi, anza na betri, vikorokoro baadaye

KIFAA cha GPS cha kushika mkononi si kitu cha watalii peke yao mkoani Simiyu. Mwenye trekta anakihitaji kuhesabu ekari alizolima kabla hajadai fedha yake. Wakala wa pamba anakihitaji kujua shamba alilolikopesha mbegu na dawa lina ukubwa gani. Mwenye leseni ndogo ya kuchimba dhahabu anakihitaji ajue kona za eneo lake. Na mwenye gari la kupeleka wageni upande wa Meatu na Pori la Akiba la Maswa anakihitaji asipotee na abiria wa watu.

Thamani ya mashine hii kwa mtu wa kawaida ilipanda Mei 2000, Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya satelaiti zake yanayotumiwa na raia. Kabla ya hapo kosa liliweza kufika meta 100. Leo, mahali penye anga wazi, mashine ya kawaida hukosea meta 3 hadi 5 hivi. Hilo ni badiliko kubwa, na ndilo lililoifanya mashine hii iwe kitendea kazi cha biashara.

Tatizo linaanzia kaunta. Mnunuzi akishalipia mashine, huwekewa mbele furushi la vitu vya ziada: antena ya nje, kishikio cha usukani, kava la ngozi, kadi ya kumbukumbu, ramani za kulipia, karatasi ya kulinda kioo. Mwenye mtaji mdogo hushtukia amemaliza fedha kwa vitu hivyo, na betri za kuwashia mashine anazinunua za kuokoteza genge la jirani. Maoni ya safu hii ni kwamba mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu.

Betri ndiyo mtaji

Mashine nyingi za mkononi zinazouzwa kwa wafanyabiashara wadogo hutumia betri 2 za saizi AA. Mfano ni Garmin eTrex 10, iliyotoka mwaka 2011, ambayo mtengenezaji wake anasema hukaa hadi saa 25 kwa jozi moja. Saa hizo ni za betri nzuri na matumizi ya kawaida. Mfanyabiashara mwangalifu apige hesabu ya siku 2 za kazi kwa jozi, asiende zaidi ya hapo.

Sasa chukua mfano wa mtu anayepima mashamba siku 60 katika msimu. Atahitaji jozi 30, yaani betri 60 za kutupa. Akiwa na betri 4 za kuchaji pamoja na chaja yake, jozi moja ikiwa kwenye mashine na nyingine kwenye chaja, anamaliza msimu huo bila kurudi dukani, na msimu ujao anaanza na betri zilezile. Chukua bei ya chaja na betri hizo 4 hapo ulipo, igawe kwa bei ya jozi moja ya betri za kutupa. Jibu utakalopata ni idadi ya jozi unazopaswa kuzitumia ili fedha yako irudi. Likiwa chini ya 30, huna sababu ya kusita.

Mnunuzi asome maandishi madogo ubavuni mwa betri. Yakiwa R6, hiyo ni betri ya zinki na kaboni, ile ya saa ya ukutani na rimoti. Yakiwa LR6, ni alkalini. Yakiwa HR6, ni ya kuchaji. Betri ya R6 ni ya bei ya chini kuliko zote, lakini ndani ya GPS haifiki hata nusu ya muda wa LR6. Hapo ndipo msemo wa rahisi ghali unapothibitika.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Betri ya kuchaji ina volti 1.2, wakati alkalini ina volti 1.5. Mashine isipoambiwa aina ya betri iliyomo, huonyesha alama ya betri kuisha mapema kuliko ukweli, na mwenye nayo huamini ameuziwa bidhaa mbovu. Ingia kwenye mipangilio ya mashine, chagua NiMH, basi. Ukiwa hapo hapo, zima huduma ya masahihisho iitwayo WAAS au EGNOS. Ya kwanza ilijengwa kwa ajili ya Marekani ya Kaskazini na ya pili kwa ajili ya Ulaya. Mpimaji wa Itilima haongezewi usahihi wowote nayo, anachopata ni kuliwa betri.

Antena na ramani zisubiri

Antena ya nje ina kazi yake: msitu mnene, makorongo marefu, au ndani ya gari lenye bati pande zote. Sehemu kubwa ya Simiyu ni uwanda. Mtu akisimama katikati ya shamba la pamba Maswa, anga lote liko wazi juu ya kichwa chake, na antena hiyo haitampa meta hata moja ya ziada. Isitoshe, si kila mashine ina tundu la antena. eTrex 10 haina. Wala haina nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Anayeuziwa vitu hivyo pamoja na mashine hiyo anauziwa mzigo wa kabatini.

Ramani za kulipia zinamfaa dereva wa safari ndefu anayevuka mikoa na nchi. Kwa anayepima shamba au kiwanja cha madini hazina kazi. Na kwa yule mwenye mashine inayopokea ramani, zipo ramani za bure za OpenStreetMap zinazoweza kuingizwa, kwa hiyo alipie tu pale ambapo za bure zimemshinda.

Kishikio cha usukani wa pikipiki nacho kitazamwe kwa makini. Barabara zetu za vumbi zina makorongo, na mtikisiko mkali huweza kuzichezesha betri mpaka mashine ikazimika njiani, rekodi ya safari ikakatika. Kamba imara ya shingoni na mfuko wa shati wenye kifungo vinatosha. Kava la plastiki laini ni zuri kwa sababu ya vumbi na kuanguka, lakini mwenye mashine yenye alama ya IPX7 ajue kwamba tayari imejengwa kustahimili kuzama meta 1 kwa dakika 30. Mvua haitaiua. Kinachoiharibu zaidi ni kuachwa juu ya dashibodi ya gari lililofungwa vioo mchana kutwa.

Waya wa kompyuta ni lazima. Mashine nyingi za aina hii hutumia mini-USB, ambao si ule wa simu za siku hizi, na ukiupotea huko kijijini si rahisi kupata mwingine. Nunua wa akiba. Mashine ikiibwa, unanunua nyingine. Vipimo vya mashamba 200 vikiibwa navyo, umepoteza kazi ya msimu mzima na ushahidi wa madai yako. Kila jioni hamisha kumbukumbu, na ziandikwe pia kwenye daftari.

Futi ya kamba bado ina kazi

Kwa mashamba madogo, kifaa cha ziada chenye faida kuliko vyote si cha umeme hata kidogo. Ni futi ya kamba ya meta 50 au 100. Ekari 1 ni meta za mraba 4,047, yaani mraba wa karibu meta 64 kwa 64, ambao wakulima wamezoea kuuhesabu kwa hatua 70 kwa 70. Mashine ikikosea meta 5 kwenye upana peke yake, eneo linabadilika kwa meta za mraba 318, karibu asilimia 8. Kwenye shamba la ekari 10 kosa hilo hilo ni asilimia 2.5. Kwa hiyo shamba la ekari 1 au 2 lipimwe kwa futi, kubwa zaidi lipimwe kwa GPS. Mwenye trekta asiyejali tofauti hii ama anampunja mkulima ama anajipunja mwenyewe, na ugomvi utaletwa kwake kwa vyovyote.

Meta 300 za mchimbaji

Kosa kubwa kuliko yote halitibiwi na kifaa chochote cha dukani. Ramani za zamani za Serikali za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Mashine mpya hutoka kiwandani ikiwa imewekwa kwenye msingi wa WGS 84. Namba zile zile za mahali, zikisomwa kwa msingi mmoja badala ya mwingine, hapa kwetu hutofautiana kwa karibu meta 300, sehemu kubwa ikiwa ni kaskazini na kusini.

Msomaji aone uzito wake. Eneo la hekta 10, ambalo ndilo kiwango cha juu cha leseni ndogo ya uchimbaji wa dhahabu, likiwa mraba lina upande wa meta 316. Anayekosea msingi wa vipimo anaweza kuchimba shimo lake, akalipa vibarua, akanunua magogo ya kuegemeza kuta, kumbe karibu eneo lote alilosimama ni la jirani. Mtaji wote unaishia kwenye ardhi ya mwenzake, na kesi juu. Kabla ya kuingiza namba, uliza karatasi uliyopewa imetumia msingi upi, kisha weka mashine yako kwenye msingi huo huo. Kwa anayetumia namba za UTM, Simiyu iko kanda ya 36 Kusini. Kazi hiyo haina gharama na huchukua dakika 2. Kisha simama kwenye bikoni ambayo vipimo vyake vinajulikana, ulinganishe.

Wapo watakaosema simu inatosha. Kwa baadhi ni kweli. Simu ya kisasa kwenye anga wazi hukosea meta 5 hivi, haiko mbali na mashine yenyewe, na mwenye trekta moja hana sababu ya kufunga mtaji wake kwenye kifaa kingine. Anunue benki ya umeme na futi, aanze kazi. Mashine maalumu inamlipa yule anayeshinda juani siku nyingi mfululizo, mbali na umeme, akiwa na mikono yenye matope. Wote wawili wakumbuke kuwa kipimo chao ni cha makubaliano ya kibiashara. Mpaka wa hati ya ardhi huwekwa na mpima aliyesajiliwa.

Ushauri kwa mwenye duka la vifaa pale Bariadi mjini ni wa moja kwa moja. Furushi la antena na kava la ngozi linauzwa mara moja kwa mteja ambaye hatarudi. Betri za HR6, chaja, waya wa mini-USB na futi ndefu ni bidhaa za kila msimu, hazichukui nafasi kubwa rafuni, na anayezihitaji siku hizi huenda akazifuata Mwanza. Kwa mnunuzi, mpangilio uwe hivi: betri 4 za kuchaji na chaja, nyaya 2, kamba ya shingoni, futi, daftari. Kikibaki kitu mfukoni baada ya msimu mmoja, ndipo arudi kaunta kuuliza bei ya vilivyobaki.