Nguvu ya Asidi Haionekani kwa Macho

Ukitoka Babati mjini kwa barabara iendayo Kondoa na Dodoma, utafika Bonga. Hapo nilikaribishwa chai na jamaa mmoja, fundi wa pikipiki. Juu ya rafu ya jikoni zilisimama chupa mbili za soda, zimefanana kama mapacha. Moja ilikuwa na siki ya kachumbari. Ya pili ilikuwa na asidi, ambayo nyumbani hapo huitwa "maji ya betri" tu.

"Ndugu mwandishi, si zote ni asidi?" akaniuliza alipoona nimeshtuka. "Tena hii nimeizimua kwa maji, imekwisha kuwa dhaifu."

Jibu nililompa huenda likakufaa na wewe.

Asidi ikitiwa majini, molekuli zake huachana na kuwa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Ayoni hizo ndizo zipitishazo umeme katika maji, na kitu cha namna hiyo huitwa elektroliti. Svante Arrhenius wa Sweden alieleza jambo hili mwaka 1884 katika tasnifu yake. Walimu wake walimpa alama za chini, lakini mwaka 1903 alitunukiwa Nishani ya Nobel ya kemia.

Sasa fikiri juu ya basi lililofika stendi lina abiria mia. Katika elektroliti yenye nguvu abiria wote hushuka. Ndivyo ilivyo asidi ya salfuriki ya betri: karibu kila molekuli huachia mara moja chembe yake ya kwanza ya hidrojeni. Katika elektroliti dhaifu hushuka wachache, wengine hubaki vitini. Siki ya mezani ni ya namna hiyo: katika kila molekuli mia za asidi yake, hata moja kamili haijaachana.

Je, kuzimua hakuigeuzi asidi ya betri kuwa dhaifu? La, hasha. Ukipanua uwanja wa stendi, abiria watatawanyika, lakini wote wameshuka vilevile. Maji hupunguza wingi wa asidi katika kila tone. Hayabadilishi tabia yake. Hata asidi ya betri yenyewe imekwisha kuzimuliwa: kwa uzito, asidi ni kiasi cha theluthi moja tu, iliyobaki ni maji. Lakini huunguza ngozi na kupofusha macho.

Kuna hila nyingine. Tone la siki likikauka, asidi yake huruka pamoja na maji. Tone la asidi ya betri likikauka, maji huruka, asidi hubaki na kuzidi ukali. Ndiyo maana suruali ya fundi huonekana nzima jioni, kisha ikatoboka baadaye.

Wala tusidanganywe na neno "dhaifu". Asidi ya siki ikiwa tupu, bila maji, nayo huunguza mwili. Kwa hiyo yapo maswali mawili: molekuli ngapi zimeachana, na asidi ni nyingi kiasi gani ndani ya maji. Jicho haliwezi kujibu hata moja, na mtoto mwenye kiu hatauliza.

Basi, wazazi, asidi isiwekwe kamwe katika chupa ya soda. Ibaki katika chombo chake chenye maandishi, mbali na jikoni, ndani ya sanduku lenye kufuli. Ikimwagikia ngozi au jicho, osha mara moja kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa dakika ishirini au zaidi, kisha nenda hospitali. Mtoto akiinywa, asitapishwe wala asipewe magadi. Asukutuliwe kinywa na akimbizwe hospitali.

Jamaa yangu hakubisha. Kabla chai haijapoa, chupa ya pili ilikuwa imekwisha kuondoka rafuni.